Saini Zilizofungwa: Mnunuzi Anastahili Kujua Kinga ya Mtandao Wake Inazuia Nini

Zamani vifaa vya kukagua mawasiliano ya mtandao vilikuwa mali ya benki, kampuni kubwa na ofisi za serikali. Leo shule, zahanati, nyumba za wageni, maduka ya jumla na vyama vya akiba na mikopo huuziwa vifaa hivyo pamoja na ruta, au hulipia huduma hiyo kila mwezi ndani ya ankara ya intaneti. Mnunuzi huelezwa bei, kasi na muda wa dhamana. Jambo moja huachwa nje ya mazungumzo: je, ataruhusiwa kuona kanuni ambazo kifaa hutumia kuamua kipi kipite na kipi kizuiwe?

Kanuni hizo huitwa saini. Baadhi ya watengenezaji huziweka wazi, na yeyote anaweza kuzisoma. Wengine huzisimba na kuzifunga, kiasi kwamba hata aliyelipia kifaa haoni kilichomo. Makala haya yanaeleza saini ni nini, kwa nini baadhi hufichwa, mtumiaji hupoteza nini zinapofichwa, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Hoja yake kuu ni kwamba mtengenezaji anaweza kuwa na sababu ya haki ya kuficha sehemu ya saini kwa muda mfupi. Hata hivyo, mnunuzi anastahili kujua kila saini inazuia nini, kwa nini, na tangu lini, tena awe na uwezo wa kuizima.

Kifaa hiki hufanya kazi gani

Kila kinachopita kwenye intaneti, iwe barua pepe, picha au malipo, hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, namba ya lango inalogonga, na maudhui yenyewe. Ngome ya kawaida ya mtandao husoma zaidi anwani na namba ya lango, kama bawabu anayesoma jina lililoandikwa juu ya bahasha. Mfumo wa kuzuia uvamizi huenda mbali zaidi: huangalia pia maudhui, huyalinganisha na orodha ya saini, kisha huamua papo hapo. Pakiti inayofanana na saini hutupwa, isiyofanana hupita.

Uamuzi huo hufanyika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mtumiaji hahusishwi. Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Kifaa kinachotoa onyo tu kikikosea, hasara yake ni usumbufu. Kifaa kinachozuia kikikosea, malipo hayafiki, fomu haitumwi, na mgonjwa au mteja anasubiri. Mamlaka ya kuzuia yamekabidhiwa orodha ya saini. Ni busara kuuliza ni nani aliyeiandika na nani anayeweza kuisoma.

Saini nzuri na saini dhaifu

Tukio la kihistoria litatusaidia kuelewa. Tarehe 25 Januari 2003 programu hasidi iliyopewa jina la Slammer ilienea duniani kwa kasi ya kutisha. Ilishambulia programu ya hifadhidata ya Microsoft iitwayo SQL Server kupitia lango namba 1434. Ilikuwa ndogo mno: mwili wake wote ulikuwa na baiti 376, ukatosha ndani ya pakiti moja. Watafiti waliochunguza tukio hilo walikadiria kwamba sehemu kubwa ya kompyuta zilizokuwa na dosari husika ziliambukizwa ndani ya dakika 10 hivi. Rekebisho la dosari hiyo lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu Julai 2002, yaani miezi sita kabla.

Tuseme waandishi wawili wa saini wamepewa kazi ya kuizuia Slammer. Wa kwanza anachukua kipande cha mwili wa programu hiyo na kuandika: pakiti yoyote yenye mfuatano huu wa baiti izuiwe. Wa pili anauliza kwanza dosari yenyewe iko wapi. Anagundua kwamba seva ilipokea ombi la aina fulani bila kupima urefu wa jina lililoambatanishwa, na kwamba jina refu kupita kiasi lilifurika kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kumpa mshambuliaji nafasi. Basi anaandika: ombi lolote la aina hii lenye jina refu kuliko inavyostahili lizuiwe.

Saini zote mbili zitaizuia Slammer. Lakini mshambuliaji mwingine akiandika programu mpya inayotumia dosari ileile, saini ya kwanza haitaitambua, ya pili itaitambua. Saini ya kwanza ni sawa na mlinzi anayemjua mwizi kwa shati lake. Ya pili ni mlinzi anayejua ni dirisha lipi limevunjika. Mwizi akibadili shati, mlinzi wa kwanza atamfungulia mlango.

Kwenye karatasi ya matangazo, wauzaji wote wawili wataandika maneno yaleyale: "Tunazuia Slammer." Hakuna njia ya kuwatofautisha bila kuisoma saini yenyewe, au angalau kupata maelezo ya kweli kuhusu jinsi inavyofanya kazi. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayofanya uwazi uwe suala la mnunuzi, wala si la mafundi peke yao: bila uwazi, bidhaa bora na bidhaa hafifu huonekana sawa, na bei pekee ndiyo hubaki kuwa kipimo.

Mfano wa njia ya uwazi

Mwaka 1998 Mmarekani Martin Roesch alitoa programu iitwayo Snort, ambayo chanzo chake kiliwekwa wazi kwa kila mtu. Saini zake huandikwa kwa maandishi yanayosomeka. Kila saini hueleza hatua ya kuchukua, anwani na malango yanayohusika, maudhui yanayotafutwa, ujumbe wa kumweleza msimamizi kilichotokea, namba ya utambulisho, namba ya toleo inayoonyesha imesahihishwa mara ngapi, na mara nyingi rejea ya mahali dosari husika ilipoelezwa. Msimamizi akiona namba ya saini kwenye kumbukumbu, anaweza kuifungua na kuisoma.

Uwazi huo haukuwazuia wenye programu kufanya biashara. Roesch alianzisha kampuni ya Sourcefire mwaka 2001, na mwaka 2013 kampuni hiyo ikanunuliwa na Cisco kwa takriban dola bilioni 2.7 za Marekani. Mpango wa biashara yao unastahili kuangaliwa. Anayelipia hupata saini mpya mara zinapotoka. Anayejiandikisha bila kulipa huzipata saini hizo baada ya siku 30. Zaidi ya hapo, lipo fungu la saini za jumuiya ambalo ni bure na wazi kwa wote. Kinachouzwa hapa ni wepesi na utaalamu; mteja halipishwi ili aonyeshwe kilichomo.

Programu nyingine, Suricata, inasimamiwa na taasisi isiyotengeneza faida, nayo pia hutumia saini zinazosomeka. Mkusanyiko wa saini wa Emerging Threats una sehemu ya bure iliyo wazi na sehemu ya kulipia. Kwa hiyo anayedai kwamba saini wazi haziwezi kuwapo sokoni anapingana na soko lenyewe.

Kwa nini wengine hufunga saini zao

Tuwatendee haki watengenezaji wanaofunga saini. Wana hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ya kibiashara. Kuandika saini njema huhitaji wataalamu, maabara na muda. Saini ikiwa wazi, mshindani anaweza kuinakili usiku mmoja.

Hoja ya pili ni ya usalama. Mshambuliaji akiisoma saini, atajua hasa kinachotafutwa, naye ataandika shambulio lake kwa namna ya kukwepa.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote. Wakati mwingine mtengenezaji wa kinga hupata habari za dosari kabla mwenye programu hajatoa rekebisho. Saini ya kuizuia dosari hiyo ni kama ramani: ukiisoma kwa makini, inakuonyesha ufa ulipo. Kuiweka wazi kabla ya rekebisho ni kuwaonyesha wezi nyumba ambayo fundi hajafika.

Hoja hizo zina uzito kiasi gani

Hoja ya kibiashara inaeleweka, lakini ina mipaka. Mtengenezaji anaweza kulinda kazi yake kwa leseni na kwa hakimiliki, kama waandishi wa vitabu wanavyofanya. Kitabu kinalindwa na sheria hali kila mnunuzi anakisoma.

Hoja ya pili hudhoofika tukitazama matukio. Desemba 2021 ilitangazwa dosari kubwa katika Log4j, programu ndogo ya kutunza kumbukumbu iliyomo ndani ya mifumo mingi iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Shambulio lenyewe lilikuwa mstari mfupi wa maandishi uliobeba herufi jndi kwa mpangilio maalumu. Saini za mwanzo zilitafuta mpangilio huo moja kwa moja. Mara washambuliaji wakaanza kuandika mstari uleule kwa kuzunguka: herufi moja moja zilifichwa ndani ya maelekezo mengine, na seva iliyoshambuliwa ndiyo iliyoziunganisha. Hawakuhitaji kusoma saini ya mtu. Walijaribu, wakaona kilichozuiwa, wakabadili, wakajaribu tena. Mshambuliaji mwenye nia anaweza pia kununua kifaa kilekile unachonunua wewe na kukifanyia majaribio chumbani kwake.

Waliofaidika na saini zilizosomeka walikuwa watetezi. Msimamizi aliyeweza kuisoma saini aliona mara moja kwamba haitambui herufi zilizofichwa. Aliweza kuongeza ya kwake, au kusubiri toleo jipya akijua ni pengo gani lililo wazi. Aliyekuwa na saini zilizofungwa alibaki na ahadi ya muuzaji. Basi katika jambo hili usiri humficha mnunuzi mambo mengi kuliko unavyomficha mshambuliaji.

Hoja ya tatu inabaki na nguvu, lakini kwa muda. Katika kongamano la usalama la Black Hat la mwaka 2007 nchini Marekani, watafiti walieleza jinsi walivyoweza kuzifungua saini zilizosimbwa za kampuni ya TippingPoint na kupata ndani yake dalili za dosari ambazo hazijatangazwa. Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza, hofu ya watengenezaji ni ya kweli: saini huweza kufichua dosari. La pili, kusimba kunachelewesha tu. Saini iliyo ndani ya maelfu ya vifaa vilivyouzwa haiwezi kubaki siri daima. Kwa hiyo ni haki kuficha undani wa saini mpaka rekebisho litolewe na watumiaji wapate nafasi ya kuliweka. Baada ya hapo dosari inajulikana na dunia nzima, na ramani haina siri tena. Siri isiyo na tarehe ya mwisho hulinda zaidi biashara ya mtengenezaji kuliko usalama wa mteja.

Gharama ya kutojua

Mtumiaji wa kawaida hugharimika kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kengele ya uongo. Tuchukue mfano wa kubuni wa zahanati inayotuma madai yake ya bima ya afya kwa njia ya mtandao kila mwisho wa mwezi. Siku moja madai hayaendi. Kwenye kumbukumbu za kifaa unaonekana mstari mmoja: tukio namba fulani limezuiwa, kiwango cha hatari ni kikubwa. Hakuna maelezo mengine. Je, kompyuta ya zahanati imeambukizwa, au fomu ya bima ina maneno yanayofanana kwa bahati mbaya na saini? Kama saini inasomeka, fundi anailinganisha na fomu na kupata jibu kwa muda mfupi. Kama imefungwa, zahanati ina njia mbili tu: kusubiri jibu la mtengenezaji aliye ng'ambo ya bahari, au kuzima kinga yote ili madai yaende. Wengi huzima, na wengi wa hao husahau kuwasha tena. Hivyo saini moja mbovu huiacha nyumba nzima wazi.

Makosa ya namna hii hutokea hata kwa watengenezaji wakubwa. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa sasisho la saini za programu yake ya kupambana na virusi, nalo likaitambua faili halali ya mfumo wa Windows XP kuwa ni virusi. Kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha mfululizo. Bidhaa ile haikuwa mfumo wa kuzuia uvamizi wa mtandao, lakini kosa ni la aina moja: saini yenye makosa iliyopewa mamlaka ya kutenda.

Njia ya pili ni masasisho yanayoingia bila hiari. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la maudhui kutoka kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazotumia Windows duniani kote. Microsoft ilikadiria kuwa ni milioni 8.5. Safari za ndege zilisitishwa na huduma za hospitali zikavurugika. Wapo wateja waliokuwa wamechagua kuchelewesha matoleo mapya ya programu hiyo, lakini uchaguzi huo haukuhusu faili za aina iliyoleta maafa. Zilipokewa mara moja. Somo kwa mnunuzi ni kuuliza mapema: je, nina uwezo wa kuchelewesha sasisho, kulijaribu kwenye kompyuta moja, na kurudi kwenye toleo la jana?

Njia ya tatu ni usalama wa kudhania. Saini kuwamo ndani ya kifaa si sawa na saini kuwashwa. Vifaa vingi hutoka kiwandani na sehemu kubwa ya saini zikiwa zimezimwa, kwa sababu kuzikagua zote hupunguza kasi. Kumbuka shambulio la WannaCry la tarehe 12 Mei 2017, lililovuruga takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho tarehe 14 Machi mwaka huohuo, na saini za kutambua mashambulizi dhidi ya dosari hiyo zilikuwapo kabla ya Mei. Kinga iliyopo lakini haijawashwa ni kama chandarua kilichokunjwa kabatini. Usipoweza kuiona orodha, hutajua kipi kimewashwa.

Njia ya nne inahusu faragha. Saini hutafuta maudhui, na maudhui hayo yaweza kuwa kitu chochote ambacho mwandishi wake ametaka kitafutwe. Katika vifaa vinavyofungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mbele ya kifaa hupita nywila, taarifa za wagonjwa na hesabu za wateja. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwekea wajibu kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu. Mwenye zahanati atajibu vipi akiulizwa kifaa chake kinatafuta nini ndani ya taarifa za wagonjwa, ikiwa naye hajawahi kuruhusiwa kujua?

Madaraja manne ya uwazi

Uwazi una viwango. Ili kurahisisha ulinganisho, tunapendekeza mnunuzi aviangalie vifaa kwa madaraja manne.

Daraja la kwanza: saini zimefungwa kabisa. Mteja huona namba na jina tu, na hawezi kuzima saini moja bila kuzima kundi zima.

Daraja la pili: saini zimefungwa, lakini kila moja ina maelezo yanayoeleweka: inalinda dosari ipi, kwenye programu ipi, ilitolewa lini, ilibadilishwa lini. Mteja anaweza kuzima moja moja.

Daraja la tatu: mteja aliyelipia anaweza kusoma saini zenyewe, isipokuwa chache zilizofichwa kwa sababu dosari husika haijarekebishwa, na hizo hufunguliwa baadaye. Anaweza pia kuongeza saini zake mwenyewe.

Daraja la nne: saini ziko wazi kwa umma, kila mtu anaweza kuzisoma, kuzikosoa na kupendekeza masahihisho.

Daraja la nne si lazima liwe bora kwa kila mtu. Duka lisilo na fundi halitafaidika sana na saini ambazo hakuna wa kuzisoma, na saini za bure zisizosasishwa na mtu ni hatari kuliko saini za kulipia zinazotunzwa vizuri. Hata hivyo, uwazi humfaa hata asiyesoma. Mtaalamu mmoja akigundua kosa kwenye saini iliyo wazi na kulitangaza, wote wanaotumia saini hiyo hunufaika. Kwa biashara ndogo, daraja la pili liwe kiwango cha chini kabisa cha kukubali. Kwa shule kubwa, hospitali au chama kinachotunza fedha za wanachama, ni vyema kudai daraja la tatu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mwulize muuzaji maswali yafuatayo, na uombe majibu kwa maandishi:

1. Kifaa kikizuia mawasiliano yangu, nitaonyeshwa nini? Omba uonyeshwe mfano halisi kwenye skrini.
2. Je, naweza kusoma saini iliyozuia? Kama siwezi, kila saini ina maelezo gani?
3. Je, naweza kuzima saini moja bila kudhoofisha zilizobaki, na kuiruhusu anwani moja ninayoiamini?
4. Ni saini zipi zimewashwa kifaa kinapotoka kwenye boksi, na nani atazichagua kulingana na programu ninazotumia?
5. Saini zikifichwa kwa sababu ya dosari isiyorekebishwa, zitafunguliwa baada ya muda gani?
6. Masasisho huingia lini, na je, naweza kuyachelewesha au kurudi nyuma?
7. Ada ya mwaka ikiisha, saini nilizo nazo zitaendelea kufanya kazi, au kifaa kitaacha kukagua?
8. Je, kifaa hutuma nakala za mawasiliano yangu kwa mtengenezaji? Ni zipi, na huhifadhiwa wapi?
9. Nikiripoti kengele ya uongo, nitajibiwa ndani ya siku ngapi?

Swali la saba lisipuuzwe. Kifaa kinaweza kuendelea kuwaka taa ya kijani hali saini zake zimekoma kusasishwa tangu mwaka jana. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakasirishwa na maswali haya. Anayejibu kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu mno kwa mteja amekwisha kukupa jibu.

Ukizuiwa bila maelezo

Usizime kinga yote. Andika saa na tarehe, namba ya tukio, kompyuta iliyohusika na kazi uliyokuwa ukiifanya. Piga picha ya skrini. Mwombe fundi wako aruhusu anwani ile moja tu, kwa muda, baada ya kuhakikisha kwamba kompyuta haijaambukizwa. Kisha peleka taarifa kwa muuzaji au mtoa huduma kwa maandishi, na utunze namba ya lalamiko.

Ikiwa kinga ni sehemu ya huduma unayolipia kwa mtoa huduma wa intaneti mwenye leseni, lalamiko huanzia kwake. Usiporidhika na jibu, liwasilishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ikiwa umenunua kifaa dukani kwa kuahidiwa uwezo ambao hakina, Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hushughulikia upotoshaji wa watumiaji. Ikiwa unashuku kwamba shambulio ni la kweli, toa taarifa pia kwa TZ-CERT, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Katika hali zote hizi, kumbukumbu ulizoandika ndizo ushahidi wako.

Jambo la kukumbuka

Hakuna saini, iwe wazi au iliyofungwa, inayochukua nafasi ya kuweka marekebisho ya programu kwa wakati. Slammer na WannaCry zote zilikuta mlango ambao fundi alikwisha kutoa kufuli lake. Kinga ya mtandao hukupa muda wa kulifunga kufuli hilo. Haikuondolei wajibu wa kulifunga.

Lakini ukiamua kulipia kinga, nunua ile unayoweza kuihoji. Mkataba usiosomeka hatuutii sahihi, na dawa isiyo na maelezo hatuimezi. Orodha inayoamua kila siku kipi kiingie na kipi kitoke katika ofisi yako haipaswi kupewa imani kubwa kuliko hiyo. Wauzaji wataanza kujibu maswali haya siku watakapoona kwamba wateja hawatoi fedha kabla ya kuyauliza.